Gari likizima njiani, usikimbilie kununua sensa

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa nimetoka kuwachukua watoto shuleni. Wawili wadogo walikaa nyuma na mabegi yao, binti yetu wa kidato cha nne alikaa mbele pembeni yangu. Tulikuwa tumeipita Kimara kwenye barabara ya Morogoro, tunaelekea Mbezi, na nyuma yetu lilikuwapo lori la mchanga.

Ghafla injini ikakata. Haikukohoa wala haikutetemeka, ilinyamaza tu. Taa za dashibodi zikawaka zote, mshale wa mzunguko wa injini ukaanguka hadi sifuri, na usukani ukawa mzito mikononi. Lori likapiga honi ndefu. Namshukuru Mungu dereva wake alikuwa ameacha nafasi. Nililisukumiza gari pembeni kwa mwendo uliokuwa umebaki, nikakuta mikono yangu inatetemeka.

"Mama, limezima tena?" mdogo akauliza.

Ndiyo, lilikuwa limezima tena. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Na kama mara mbili za mwanzo, baada ya nusu saa ya kusubiri juani liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, kana kwamba halikufanya kosa lolote.

Mzazi mwenzangu, kama gari lako linakufanyia hivi, yaani linawaka vizuri asubuhi, linazima likishapata moto, likipoa linawaka, makala haya ni yako. Sikuandikii ili uwe fundi. Nakuandikia ili usipoteze hela ya ada kama tulivyoipoteza sisi.

Pesa ilikwendaje

Lilipozima mara ya kwanza, fundi wa jirani alifungua ufunguo, akasikiliza kiti cha nyuma, akasema pampu ya mafuta hailii, imekufa. Tukanunua pampu. Gari likatembea siku tisa.

Lilipozima mara ya pili, tulilipeleka gereji yenye mashine ya kupimia. Mashine ikaonyesha namba ya hitilafu P0335. Kijana akatuambia, "Mama, hiyo ni sensa ya kranki. Tunabadilisha, unaondoka." Hapa sisemi sensa ile ya kuhesabu watu, nasema kile kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka na inazunguka kwa kasi gani. Ikanunuliwa sensa ya mtumba, ikafungwa, taa ya injini ikafutwa. Tukashukuru, tukalipa.

Siku ya tatu ndiyo ile ya lori.

Jioni ile nyumbani hapakuwa na amani. Baba watoto alisema tuliuze gari kabla halijatuua. Mimi nilisema tukiliuza kwa hali ile tutapata bei ya kutupa, na kwa nini tumuuzie mwenzetu hatari tunayoikimbia? Pesa ya pampu, ya sensa na ya ufundi ilikuwa imetoka kwenye bahasha ya ada ya muhula. Binti yetu alikuwa anasikiliza, na alijua kuwa bahasha ile ilikuwa yake.

Mjomba wangu ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari aliyestaafu, anayekaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Jumamosi asubuhi tukamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeshanunua nini mpaka sasa?"

Lilikuwa swali lake la kwanza. Tulipomtajia, akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mita yake ya kupimia umeme.

Namba ya hitilafu inasema nini hasa

Mzee alianza na ile P0335. Alituambia kwamba namba ile haisemi "sensa imekufa." Inasema kuna hitilafu katika saketi ya sensa ya krankishafti. Saketi ni njia nzima: sensa yenyewe, soketi yake, nyaya zinazopita pembeni ya injini, soketi ya upande wa pili, na kompyuta. Yeyote kati ya hao akikosea, namba inayotokea ni hiyo hiyo.

"Mashine imekuonyesha nyumba yenye mwizi," alisema. "Haijakuonyesha chumba."

Kuna namba jirani zake ambazo ni vizuri mzazi azijue. P0336 husema taarifa inafika lakini haieleweki, kwa mfano meno yanayosomwa yana kasoro. P0339 husema taarifa inakatika na kurudi. Namba hizi zinafuata utaratibu mmoja kwa magari ya kampuni mbalimbali, kwa hiyo hata kifaa kidogo cha kusomea kinachoungana na simu kinaweza kukuonyesha. Zipige picha kabla fundi hajazifuta.

Tulimuuliza kuhusu pampu. Akacheka kidogo. Katika magari mengi, kompyuta isipopata taarifa kuwa injini inazunguka, inakata umeme wa pampu ya mafuta makusudi, ili gari likipata ajali mafuta yasiendelee kumwagika. Inaacha pia kutoa cheche kwenye plagi na kufungua nozeli, kwa sababu haijui pistoni ziko wapi. Pampu yetu haikulia kwa sababu haikuamriwa kulia. Ile ya zamani huenda ilikuwa nzima.

Sensa inavyofanya kazi

Chini ya injini kuna mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, ndio krankishafti. Juu ya mhimili huo, upande wa pulei au upande wa fulaiwili, kuna gurudumu la chuma lenye meno. Magari mengi yana gurudumu la nafasi 36 au 60 ambalo meno mawili yameachwa kwa makusudi. Pengo hilo ndilo alama ya kuanzia kuhesabu. Kompyuta ikiliona inajua mhimili umefika wapi, na kwa kuhesabu meno inajua kasi.

Hesabu ilimfurahisha binti yetu. Gurudumu la nafasi 60 lenye pengo la meno mawili lina meno 58. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mbele ya sensa yanapita meno 2,900 kila sekunde. Taarifa hiyo ikikatika kwa muda mfupi tu, injini inazima.

Sensa zenyewe ziko za aina kuu mbili.

Ya kwanza ina sumaku ndani na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Jino la chuma likipita mbele yake, sumaku inasumbuliwa na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Aina hii kwa kawaida ina nyaya mbili, wakati mwingine na wa tatu wa kuzikinga. Haihitaji kupewa umeme, inautengeneza yenyewe.

Ya pili hutumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879. Hii kwa kawaida ina nyaya tatu: mmoja wa kuiletea umeme, mmoja wa ethi, na mmoja wa kupeleka taarifa.

Kabla hujapima chochote, jua gari lako lina aina ipi, maana vipimo vyake si sawa. Ukiipima ya nyaya tatu kwa kipimo cha ohm kama unavyoipima ya nyaya mbili, huambulii jibu la maana na unaweza hata kuiharibu.

Ya kwetu ilikuwa ya nyaya mbili.

Kabla ya kugusa injini

Mzee hakuturuhusu kusogea mpaka tumefanya mambo matano, na nayaandika kwa sababu nyumba zetu zina watoto wenye udadisi.

Gari liwe sehemu tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia iko huru au kwenye P, na jiwe limewekwa nyuma ya tairi. Ufunguo utoke na ukae mfukoni kwa mtu mmoja tu. Watoto wadogo wakae mbali, kwa sababu feni ya rejeta katika magari mengi inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Mtandio, kanga, shanga na nywele ndefu vifungwe, mkanda wa injini hauna huruma. Na nyaya zenye soketi za rangi ya njano zisiguswe, mara nyingi hizo ni za mifuko ya hewa.

Kipimo cha kwanza: macho na mshale

Mzee aliuliza maswali kabla ya kushika mita. Linazima likiwa baridi au moto? Linakata ghafla au linakohoa kwanza? Mshale wa mzunguko unaanguka kabla gari halijasimama?

Gari linaloishiwa mafuta mara nyingi hukohoa na kuvuta kwa shida kabla ya kuzima. Linalopoteza taarifa ya kasi ya injini hukata mara moja, na mshale unaanguka ghafla wakati gari bado linateleza. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yetu.

Kuna kipimo ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya likigoma kuwaka. Piga stata na uangalie mshale. Katika magari mengi utanyanyuka kidogo, mpaka kama 200 hivi. Ukilala kwenye sifuri wakati injini inazungushwa, taarifa haifiki kwenye kompyuta. Si magari yote yanayoonyesha hivyo kwenye dashibodi, kwa hiyo kifaa cha kusomea kikiunganishwa na kikasoma mzunguko wa injini ndicho cha kuaminika zaidi.

Kisha akatazama kwa tochi. Soketi ina mafuta au kutu ya kijani? Klipu yake imefunga? Ncha ya sensa imeng'ang'aniwa na vipande vya chuma? Kwa kuwa ndani yake kuna sumaku, hukusanya unga wa chuma unaoweza kuvuruga usomaji. Kufuta kwa kitambaa kisafi kumewahi kumaliza tatizo la watu wengi.

Kipimo cha pili: sensa yenyewe

Sensa ikatolewa kwenye soketi. Mzee akaweka mita kwenye ohm, ile alama inayofanana na pete iliyofunguka chini, akagusanisha ncha mbili za mita kwanza. Ikasoma 0.3. "Hii ni ya nyaya za mita yenyewe," alisema. "Usipoijua utaihesabia gari."

Kisha akagusa pini mbili za sensa. Mita ikasoma ohm 1,850.

Sensa za aina hii hutofautiana. Nyingi husoma kuanzia mamia ya ohm hadi elfu mbili na ushee, na kipimo halali ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha injini yako. Ikisoma karibu na sifuri, ndani yake nyaya zimegusana. Mita ikiandika OL, yaani hakuna njia kabisa, waya wa ndani umekatika. Aligusa pia pini moja na mwili wa chuma wa sensa. Hapo ilitakiwa kusoma OL, na ilisoma OL.

"Basi ni nzima?" baba watoto akauliza.

"Ni nzima ikiwa baridi. Gari lenu linazima likiwa baridi?"

Tukanyamaza. Injini ikawashwa, ikaachwa mpaka ikapata moto na feni ikazunguka. Ikazimwa, mzee akaifunua soketi kwa tahadhari ya bomba la moshi, akapima tena. Mita ikasoma ohm 2,210.

Baba watoto alidhani hapo ndipo penye ubaya, kwa kuwa namba imepanda. Binti yetu ndiye aliyemjibu. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake hupanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kutoka nyuzi 30 za asubuhi hadi nyuzi 80 za injini ni nyuzi 50, ambazo ni kama asilimia 20. Ongezeko letu lilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Sensa iliyochoka kwa ndani haipandi taratibu namna hiyo. Huruka, au huandika OL kabisa ikipata moto, kisha hurudi ikipoa.

Mzee akamtazama binti, akampa mita. "Endelea wewe."

Kipimo cha tatu kilikuwa cha umeme unaozaliwa. Mita ikawekwa kwenye alama ya V yenye kimawimbi, ncha zikagusa pini za sensa ikiwa nje ya soketi ili injini isiwake, baba watoto akapiga stata. Namba zikacheza juu ya nusu volti. Sensa nzuri ya aina hii hutoa umeme unaoonekana kwenye mita hata kwa mwendo mdogo wa stata. Ikibaki sifuri, imekufa, au iko mbali mno na meno, au gurudumu la meno limeharibika. Nafasi kati ya ncha na meno ni ndogo, mara nyingi karibu milimita moja.

Halafu mzee akauliza ile sensa ya kwanza, iliyotolewa gereji, iko wapi. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya buti. Akaipima ikiwa baridi, akaichovya ncha ndani ya kikombe cha maji ya moto huku pini zikiwa juu, akaipima tena. Ilikuwa nzima, baridi na moto.

Tulikuwa tumenunua sensa nzima kubadilisha sensa nzima.

Kama ya kwako ina nyaya tatu

Usiipime ohm. Itoe kwenye soketi, fungua ufunguo bila kuwasha, weka mita kwenye volti za kawaida. Kwenye soketi ya upande wa gari, waya wa umeme unatakiwa kuwa na takriban volti 5 au 12, kutegemea gari. Waya wa ethi ukipimwa na chanya ya betri uonyeshe volti za betri. Waya wa taarifa mara nyingi huwa na volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta.

Hivyo vikiwapo, rudisha sensa, na fundi aguse waya wa taarifa kwa nyuma ya soketi huku mwingine akizungusha injini kwa spana polepole, ufunguo ukiwa wazi lakini stata haiguswi. Namba iruke juu na chini, karibu na sifuri kisha juu tena, kila jino linapopita. Umeme ukiwapo, ethi ikiwapo, na namba isiruke, hapo sensa inastahili lawama. Umeme au ethi isipofika, sensa mpya haitasaidia.

Kipimo cha nne: nyaya

Hapa ndipo gereji hazikufika, na ndipo tatizo letu lilipokaa.

Mzee alitoa kichwa cha hasi cha betri. Akatoa soketi ya kwenye kompyuta pia, kwa sababu ukipima waya huku kompyuta imeunganishwa, mita itasoma hata vilivyomo ndani ya kompyuta na kukudanganya. Akatuonya tusiingize ncha nene za mita ndani ya matundu ya soketi, zinayapanua, na kesho pini haitagusa vizuri. Vivyo hivyo kutoboa ganda la waya kwa sindano: tundu lile huingiza maji na baada ya miezi waya unaoza.

Vipimo vya nyaya ni vinne, na ndivyo unavyotakiwa kumuuliza fundi wako kama amevifanya.

Kwanza, kila waya upimwe mwanzo hadi mwisho. Usome chini ya ohm 1.

Pili, kila waya upimwe na mwili wa gari. Usome OL. Ikisoma namba ndogo, waya umechubuka na unagusa chuma.

Tatu, nyaya mbili zipimwe zenyewe kwa zenyewe. Zisome OL. Vinginevyo zimegusana ndani.

Nne, rudia vipimo hivyo huku mtu anatikisa, anakunja na kuvuta kidogo waya, shibiri kwa shibiri, kutoka sensa mpaka kompyuta.

Vipimo vitatu vya kwanza vilipita. Waya mmoja ulisoma 0.5 na mwingine 0.6. Baba watoto akashusha pumzi ya kukata tamaa. Mzee akasema waya wenye nyuzi nyingi za shaba ukibakiwa na nyuzi mbili tu bado utasoma vizuri ukiwa umetulia, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo sana. Uongo wake unaonekana ukiutikisa.

Binti yetu alishika ncha za mita, mzee akaanza kukunja waya. Karibu na sensa, namba haikubadilika. Kwenye kona ya injini, haikubadilika. Alipofika mahali waya unapopita jirani na bomba la moshi, mita ikaandika OL.

"Hapo!" binti akapiga kelele. Mzee akaachia, ikarudi 0.6. Akakunja tena, OL.

Klipu iliyokuwa inauweka waya mbali na bomba ilikuwa imevunjika, labda zamani, mtu alipobadilisha kitu kingine na kuona klipu ni kidude kisicho na maana. Waya ukalegea, ukalala jirani na joto. Ganda likakauka na kupasuka, na nyuzi za shaba ndani zikakatika moja moja kwa mtikisiko. Injini ikiwa baridi, ncha ziligusana. Ikipata moto na kutikisika, ziliachana. Ikipoa, zikarudi pamoja. Ndiyo maana kila tulipofika gereji likiwa limepoa, gari lilikuwa zima.

Matengenezo

Kipande kilichoungua kilikatwa kikatupwa. Waya mpya wa unene ule ule ukaungwa kwa lehemu, kila kiungo kikavishwa mpira unaosinyaa kwa joto, na viungo viwili havikuwekwa sehemu moja ili visigusane. Nyaya mbili zikasokotwa tena kama zilivyokuwa, kwa sababu msokoto huo huzikinga na vurugu za umeme wa koili na altaneta. Gari lenye waya wa kukinga, kinga hiyo nayo irudishwe. Tepu ya kawaida peke yake mzee aliikataa, gundi yake huyeyuka kwenye joto.

Kisha klipu mpya. Ni kitu kidogo cha plastiki, cha bei ndogo kuliko soda.

Namba ya hitilafu ikafutwa, na gari likaendeshwa saa nzima, foleni na mwendo kasi, mpaka likapata moto kweli. Halafu likasomwa tena. Hapakuwa na namba. Matengenezo ya tatizo linalokuja na joto hayajathibitishwa mpaka gari limepata joto. Gereji ilituachia gari likiwa baridi, nasi tukalipa.

Maneno ya kumwambia fundi

Si kila mzazi ana mzee wa mtaa wa tatu. Lakini kila mzazi ana mdomo. Ukiambiwa ubadilishe sensa ya kranki, uliza kwa heshima: Fundi, sensa imesoma ohm ngapi ikiwa baridi, na ngapi ikiwa moto? Kitabu kinasema ngapi? Kama ni ya nyaya tatu, umeme na ethi vinafika? Waya umepimwa mpaka kwenye kompyuta, huku unatikiswa? Naomba sensa ya zamani niondoke nayo.

Fundi mzuri hatakasirika, atafurahi kuonyesha kazi yake. Anayekujibu kwa hasira kabla hajapima anakuomba ulipe kwa kubahatisha kwake.

Na likizima na watoto wamo ndani

Washa taa za hatari. Usirudishe ufunguo mpaka mwisho, usukani unaweza kujifunga. Shika usukani kwa nguvu, utakuwa mzito lakini unageuka. Kanyaga breki mara moja na uishikilie kwa utulivu. Usiipige mara nyingi, kwa sababu msaada wa breki uliobaki baada ya injini kuzima ni wa mara chache tu, kisha kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Tumia mwendo uliobaki kutoka barabarani. Watoto washuke upande usio na magari, wasimame mbali na gari, si nyuma yake wala mbele yake. Pembetatu iwekwe nyuma ya gari, mbali vya kutosha mwenye kasi aione.

Ukishajua gari lina tabia hiyo, usilipeleke safari wala shuleni mpaka chanzo kijulikane. Sisi tulilipeleka mara mbili zaidi kwa kuamini limepona, na nikilifikiria lile lori nasikia baridi.

Ada ya binti ililipwa kwa awamu mbili, tulikwenda shuleni kuomba na tulielewana. Sensa ya ziada imo ndani ya buti, kwenye mfuko wake wa nailoni. Mita tuliinunua Kariakoo kwa bei isiyofika nusu ya ile pampu, na inakaa kwenye droo ya sebuleni. Wiki iliyopita pasi iligoma kuwaka. Baba watoto alikuwa anavaa viatu akanunue mpya, binti akamwambia, "Baba, subiri kwanza tupime waya."